Tiba ya Saratani ya Mapafu na Shauri la Mgonjwa Mzee

Kila mwanafunzi wa historia amepata kusikia kwamba Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alikuwa katika nchi yetu ya Kenya baba yake alipofariki. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari, 1952, alilala Treetops, katika msitu wa Nyandarua, akitazama wanyama waliokuja kunywa maji. Mchana uliofuata, katika nyumba ya Sagana karibu na Nyeri, aliletewa habari kwamba Mfalme George wa Sita amekufa usingizini, na kwamba sasa yeye ndiye malkia. Habari hii husomwa siku zote kama habari ya kiti cha enzi. Nakuomba, msomaji, uisome leo kwa namna nyingine: kama habari ya mgonjwa, na jamaa zake, na matabibu wake.

Mfalme huyo alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Tarehe 23 Septemba, 1951, daktari mpasuaji aitwaye Clement Price Thomas alimpasua kifua katika jumba la Buckingham na kulitoa pafu lote la kushoto. Pafu lilikuwa na saratani. Tangazo lililotolewa kwa watu lilisema tu kwamba pafu limepatikana na mabadiliko ya umbo. Neno saratani halikutajwa. Wala si raia peke yao waliofichwa. Wanahistoria hueleza kwamba mfalme mwenyewe hakuambiwa. Mtu aliyeweza kuwaita matabibu hodari wa dola nzima alitolewa kiungo kikubwa cha mwili wake bila ya kujua jina la adui aliyekuwamo kifuani. Aliishi miezi minne na nusu, kisha moyo wake ukasimama, naye ana umri wa miaka 56.

Wahenga wetu walisema kwamba mficha maradhi kifo kitamwumbua. Methali hiyo humwonya mgonjwa anayewaficha watu; haikusema neno juu ya watu wanaomficha mgonjwa. Hata hivyo jambo hili la pili ndilo litokealo mara nyingi katika nyumba zetu. Mzee hukohoa miezi mingi, hukonda, hupelekwa hospitali, na daktari huwaita watoto wake faraghani. Watoto hurudi nyumbani wakinong'ona. Wao huulizana, Tumtibu vipi? Tumpeleke wapi? Fedha zitatoka wapi? Mzee ameketi chumba cha pili, na hakuna amwulizaye yeye anataka nini. Insha hii yataka kukuonyesha jinsi kila tiba ya maradhi haya ilivyopatikana, kila moja hutoa nini na hutwaa nini. Na kwamba kwa sababu hiyo mgonjwa hawezi kuachwa nje ya shauri.

Kwanza yafaa ujue kwamba saratani ya mapafu ilikuwa nadra sana zamani. Katika mwaka wa 1912 tabibu mmoja wa New York, Isaac Adler, alikusanya habari zote za ugonjwa huo alizoweza kuzipata katika vitabu vya matabibu wa nchi mbalimbali, akapata wagonjwa 374 tu. Alikaribia kuomba radhi kwa kuandika kitabu kizima juu ya maradhi machache kiasi hicho. Kisha sigara zikaanza kutengenezwa kwa mashine, zikawa rahisi, zikagawiwa askari katika vita vikuu viwili. Na baada ya miaka ishirini au thelathini wodi zikajaa. Katika mwaka wa 1950 Ernst Wynder na Evarts Graham huko Marekani, na Richard Doll na Austin Bradford Hill huko Uingereza, walichapisha uchunguzi wao na kuonyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya mapafu walikuwa wavutaji wa sigara kupita wagonjwa wengine. Lakini usidhani kwamba kila mgonjwa ni mvutaji. Wako wanaopatwa bila ya kuvuta hata sigara moja, na moshi wa watu wengine, na hewa chafu, na madini fulani huchangia. Kwa hiyo si haki kumkabili mgonjwa kwa lawama kabla ya kumkabili kwa dawa.

Jambo la pili ni kulitambua gonjwa lenyewe. Mwaka wa 1895 Wilhelm Röntgen, mwanachuoni wa Ujerumani, aligundua miali ipenyayo mwili, ambayo sisi twaiita eksirei. Tangu siku hiyo kifua kilichokuwa kimefungwa kilipata dirisha. Lakini dirisha huonyesha kivuli tu. Halisemi kivuli ni cha nani. Katika nchi kama yetu, ambamo kifua kikuu kimeenea, kikohozi cha muda mrefu, kukonda, homa za usiku na damu katika makohozi huweza kuwa dalili za maradhi yote mawili. Wagonjwa wengi wa saratani hupewa kwanza dawa za kifua kikuu, na miezi hupotea. Basi mzee akitumia dawa hizo na asipate nafuu, ni wajibu wa jamaa kurudi kwa daktari na kuuliza kama hakuna jambo jingine. Jibu la yakini hupatikana kwa kukata kipande kidogo cha uvimbe na kukitazama kwa darubini. Kipande hicho husema pia saratani ni ya namna gani, kwa maana ziko namna kadhaa, nazo hazitibiwi kwa njia moja.

Tuje sasa kwenye tiba zenyewe. Ya kwanza kuleta matumaini ilikuwa kisu. Tarehe 5 Aprili, 1933, katika hospitali ya Barnes mjini St. Louis, Marekani, Evarts Graham, yule yule niliyemtaja, alimpasua mgonjwa aitwaye James Gilmore, mwenye umri wa miaka 48. Gilmore mwenyewe alikuwa daktari wa uzazi kutoka Pittsburgh, kwa hiyo alijua hatari iliyokuwa mbele yake. Husimuliwa kwamba kabla ya kupasuliwa alirudi kwao kwa muda mfupi, akafanya mambo mawili: alitengeneza meno yake, na alinunua kiwanja cha kaburi. Ni picha njema ya mtu aliyeambiwa kweli: mkono mmoja hushika tumaini, mkono wa pili hushika wosia.

Graham alikusudia kutoa sehemu tu ya pafu. Alipofungua kifua aliona kwamba uvimbe umekaribia mno shina la pafu, na kwamba njia iliyobaki ni kulitoa pafu zima, jambo ambalo hakuna mgonjwa wa saratani aliyekuwa amefanyiwa kwa mkupuo mmoja akaishi. Mgonjwa alikuwa amelala kwa nusu kaputi, hawezi kuulizwa. Graham alimgeukia rafiki wa mgonjwa, daktari mwenziwe aliyekuwamo chumbani, akamweleza hali ilivyo, kisha akaendelea. Gilmore alipona. Alirudi kazini, akaishi karibu miaka 30 kwa pafu moja, hata mwaka wa 1963.

Lakini tazama upande wa pili wa habari hiyo. Graham naye alikuwa amevuta sigara miaka mingi, na aliacha alipokwisha kuona ushahidi wa uchunguzi wake mwenyewe. Mapema mwaka wa 1957 aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu. Ilikuwa imekwisha kushika mapafu yote mawili, na kisu alichokifundisha ulimwengu hakikuweza kumsaidia. Alifariki mwezi wa Machi mwaka huo huo, akiwa na miaka 73; na mgonjwa wake akabaki hai. Hapa twajifunza kanuni ambayo haijabadilika hata leo: kisu humfaa yule ambaye saratani yake haijatoka mahali ilipoanzia, na ambaye moyo wake na pumzi yake vyaweza kustahimili kupasuliwa. Umri peke yake si kizuizi. Wako wazee wa miaka 75 wenye mwili imara, na wako watu wa miaka 55 wasioweza kupanda ngazi. Daktari mwema hupima nguvu za mgonjwa, hahesabu miaka tu.

Tiba ya pili ni mionzi. Miali ile ile ya Röntgen, ikizidishwa nguvu na kuelekezwa mahali pamoja, huua chembe za saratani. Hapo kwanza iliunguza na nyama njema iliyo karibu, na mgonjwa aliteseka kwa ngozi na koo. Katika miaka ya 1990 matabibu wa Sweden na Japani walipata namna ya kuielekeza kutoka pande nyingi hata ikutane penye uvimbe mdogo tu, kwa siku chache badala ya majuma mengi. Namna hii imekuwa neema hasa kwa wazee ambao uvimbe wao ni mdogo lakini miili yao haiwezi kustahimili kisu. Tena mionzi hutumika hata pasipo matumaini ya kuponya: mfupa uliovamiwa na saratani ukiuma, au damu ikitoka kifuani, mionzi kidogo huweza kutuliza. Shida yake ni mahali. Kwa miaka mingi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mjini Nairobi ndiyo iliyokuwa hospitali ya umma pekee nchini yenye mashine za mionzi, na mgonjwa wa Turkana au Lamu alisafiri na kungojea zamu. Vituo vingine vimefunguliwa tangu hapo, lakini safari bado ni sehemu ya tiba, na mzee dhaifu huihisi kila hatua yake.

Tiba ya tatu ni dawa zipitazo katika damu. Asili yake ni ya ajabu. Katika Vita Vikuu vya Kwanza askari waliuana kwa gesi ya haradali, na matabibu waliona kwamba gesi hiyo huharibu chembe za damu zinazozaliana upesi. Mwaka wa 1942, katika chuo kikuu cha Yale, dawa ya jamii ya sumu hiyo ilijaribiwa kwa mgonjwa wa saratani ya tezi. Ndiyo dawa aliyopewa hata Graham mwishoni mwa maisha yake. Kisha mwaka wa 1965 Barnett Rosenberg, mwanachuoni wa Marekani, alipokuwa akipitisha umeme katika maji yenye vijidudu, aligundua kwa bahati kwamba madini ya platinamu huvizuia kugawanyika. Kutokana na hayo ilipatikana dawa ya sisplatini, iliyokubaliwa nchini mwake mwaka wa 1978, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa nguzo ya tiba ya saratani ya mapafu.

Hapa ndipo swali la wazee lilipozuka kwa nguvu. Dawa hizi huua chembe zigawanyikazo upesi, ziwe mbaya au njema. Kwa hiyo mgonjwa hutapika, nywele humtoka, na damu humpungua. Madaktari wengi waliona huruma, wakaacha kabisa kuwapa wazee. Je, huruma hiyo ilikuwa ya haki? Katika mwaka wa 1999 matabibu wa Italia walitoa jibu. Waliwachukua wagonjwa wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ambao saratani yao ilikuwa imeenea. Wengine wakapewa dawa moja nyepesi, na wengine wakapewa uangalizi mwema bila ya dawa hiyo. Waliopewa dawa waliishi kwa wastani majuma 28, na wenzao majuma 21; tena walisumbuliwa kidogo zaidi na dalili za maradhi, ijapokuwa walisumbuliwa zaidi na madhara ya dawa. Mwaka wa 2011 matabibu wa Ufaransa waliongeza hatua. Kati ya wagonjwa 451, wenye miaka 70 hadi 89, waliopewa dawa mbili pamoja waliishi kwa wastani miezi 10.3, na waliopewa dawa moja miezi 6.2. Lakini kati ya waliopewa mbili, waliouawa na dawa yenyewe walikuwa wengi zaidi.

Zipime hesabu hizo, msomaji, kwa utulivu. Miezi minne si kitu cha kudharauliwa: katika miezi minne mjukuu huzaliwa, arusi hufungwa, na waliogombana hupatana. Lakini miezi hiyo hununuliwa kwa siku za kichefuchefu, na kwa hatari ya kufa mapema kuliko ambavyo ingekuwa. Mzee mmoja atasema, Nipeni, nataka nimwone mjukuu wangu. Mwingine atasema, Niacheni nikae barazani pangu. Wote wawili wana akili timamu. Hakuna hesabu ya daktari iwezayo kuchagua kati yao, kwa kuwa hesabu haijui mtu anathamini nini.

Tiba ya nne ni mpya, nayo imebadilisha mambo mengi. Katika mwaka wa 2004 wataalamu walitambua kwamba baadhi ya saratani za mapafu hutokana na kasoro maalumu ndani ya chembe, na kwamba ziko tembe za kumeza ziizuiazo kasoro hiyo. Kasoro hii huonekana mara nyingi kwa watu wasiovuta sigara. Tena tangu mwaka wa 2015 ziko dawa ziuamshazo ulinzi wa mwili wenyewe upigane na saratani. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, waliofungua njia hiyo, walipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2018. Dawa hizi mara nyingi huwa nyepesi kwa mzee kuliko zile za zamani, na wako walioishi miaka baada ya kukatiwa tamaa. Lakini hazimfai kila mtu. Ni lazima kipande cha uvimbe kipimwe kwanza. Na bei yake hushinda mifuko ya watu wengi.

Imebaki tiba ya tano, ambayo watu huiita ya mwisho, ingawa ingefaa kuwa ya kwanza. Hii ni tiba ya kutuliza. Cicely Saunders wa Uingereza alianza akiwa muuguzi, akasomea udaktari, na mwaka wa 1967 akafungua mjini London nyumba ya St. Christopher kwa wagonjwa wasioweza kupona. Alifundisha kwamba dawa ya maumivu itolewe kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi, mgonjwa asilazimike kuomba. Fikira hiyo ilifika kwetu mwaka wa 1990, Nairobi Hospice ilipoanzishwa katika uwanja wa Hospitali ya Kenyatta. Daktari Anne Merriman, aliyefanya kazi hapo, alivuka mpaka mwaka wa 1993 akaanzisha huduma ya namna hiyo Uganda, akitumia mofini ya maji, iliyo rahisi kwa bei na iwezayo kunywewa nyumbani kwa kipimo. Watu wengi huiogopa mofini wakidhani huharakisha kifo au humfanya mzee kuwa mtumwa wa dawa. Ikitolewa na mjuzi kwa kipimo chake, haifanyi hivyo. Humwezesha mgonjwa kulala, kula na kuzungumza na watu wake, na hupunguza hata ile taabu ya kukosa pumzi.

Tena usidhani kwamba kutulizwa ni kukata tamaa. Mwaka wa 2010 matabibu wa Boston walichapisha habari za wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyoenea. Wote walipata dawa za kawaida, lakini nusu yao walipewa pia tiba ya kutuliza tangu mwanzo. Hao waliishi kwa furaha zaidi, walisumbuliwa mwishoni na tiba kali chache zaidi, na kwa wastani waliishi miezi 11.6, hali wenzao waliishi miezi 8.9. Waliotulizwa mapema waliishi zaidi!

Basi familia ifanye nini? Historia yatupa maswali manne ya kumwuliza daktari. Saratani hii ni ya namna gani, na imefika wapi? Tiba unayotaja yakusudia kuponya, au kurefusha maisha, au kutuliza? Itamtwalia mgonjwa nini, kwa mwili na kwa siku zake? Na tusipoitumia, atatunzwa vipi? Maswali haya hayahitaji elimu kubwa. Yahitaji ujasiri tu. Familia nyingi huyaruka, huitisha harambee, huuza shamba, na kumpandisha mzee ndege kwenda India, hali jibu la swali la pili lingaliwajulisha kama safari hiyo ni ya kuponya au ya kurefusha. Sisemi kwamba haifai kwenda mbali; wako waliokwenda wakarudi wazima. Nasema kwamba shamba lisiuzwe kabla ya maswali kujibiwa, na kabla ya mwenye ugonjwa kusema neno lake.

Watu wengine watapinga kwamba kumwambia mzee jina la maradhi yake ni kumwua kabla ya siku yake. Hofu hiyo hutoka katika mapenzi, nayo yastahili heshima. Lakini mzee aliyezika wazazi na rika lake si mgeni wa mauti. Huona macho ya watoto wake, husikia minong'ono ikikatika anapoingia, na hutambua. Akifichwa, hubaki na hofu yake peke yake, bila ya mtu wa kumweleza. Wala hapati nafasi ya kugawa mali yake, kulipa madeni yake, na kusamehe. Yafaa kweli isemwe kwa upole, kwa lugha aijuayo, na mtu anayemwamini, na kwa kadiri anavyotaka kuijua. Maana wako wasemao waziwazi, Mwambieni mwanangu mkubwa, mimi sitaki kusikia. Hilo nalo ni shauri lake, nalo liheshimiwe.

Na wewe, msomaji, usidhani kwamba mambo haya ni ya watu wazima peke yao. Katika nyumba nyingi za nchi yetu mwanafunzi wa sekondari ndiye asomaye Kiingereza kuliko wote. Ikitokea siku babu au bibi yako akarudi na bahasha ya hospitali, yamkini wewe ndiwe utakayeitwa kuisoma, na mjomba au shangazi akakukonyeza uruke mstari mmoja. Hutakuwa na haki ya kumvunjia heshima mkubwa wako mbele za watu. Lakini waweza kumfuata baadaye, kwa adabu, ukamwambia: Mjomba, barua hii ni ya babu.